Fungua Nione

Kariakoo mtu akijikata, pole huja baadaye. Kwanza watu wanataka kuona. Ni ugonjwa wetu huo wala hatuna haja ya kuuficha: pole haimtoki mtu kinywani mpaka jicho lishibe. Atasogea, atainama, atauliza kama kimeingia sana, ndipo aseme pole, tena kwa moyo mweupe kabisa.

Celina na mumewe Benedict walikuwa na fremu ya kuuzia vioo vya madirisha, jirani na Mtaa wa Msimbazi. Wenyewe walikaa ghorofa ya pili ya jengo hilo hilo, pamoja na binti yao Evelyn na mama mkwe, Matilda, aliyeshuka kutoka Kibosho kuja kutibiwa magoti na hakurudi tena. Miaka kumi na miwili Celina aliishi na mama yule bila kumwambia hapana hata siku moja. Si kwa woga. Watu wa ukoo wa mume walipoanza kumsema kwamba kizazi chake kimekomea kwa mtoto mmoja, tena wa kike, ni mama huyo aliyewanyamazisha. Mtu akikutendea hivyo, hapana inakuwa nzito mdomoni.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, Benedict alikuwa akitoa kioo kikubwa kwenye stendi kikampasukia mikononi. Kipande kikateremka, kikamchana upande wa ndani wa mkono, karibu na kwapa. Damu haikuchuruzika, iliruka.

Wafa, muuza mapazia wa fremu ya pili, alifika wa kwanza. Alikuwa amehudhuria semina ya huduma ya kwanza, na mwezi mzima wenzake walimtania kwa kumwita daktari. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Alimlaza Benedict chini, akauinua mkono, akakunja khanga ya Celina mara nne na kuigandamiza juu ya jeraha.

"Mama Evelyn, weka mikono yako hapa. Bana kwa nguvu zako zote. Ikilowa, ongeza kitambaa juu yake, hii usiitoe. Na usifungue kuchungulia, hata aje nani. Damu ikianza kuganda ukafungua, unaanza upya, na huyu hana damu ya kuanzia upya. Naenda kutafuta bajaji."

Mtaa ulikuwa umezibwa na fuso mbili zinazoshusha marobota. Bajaji zilikuwa mwisho kabisa wa barabara, na Wafa alikimbia viatu mkononi.

Celina alibana. Watu wakajaa mlangoni. Mzee Onesphory, muuza vitasa wa ng'ambo ya barabara, akainama.

"Hebu tuone, binti yangu."

"Hapana, mzee. Nimeambiwa nisifungue."

"Kidogo tu, tujue la kufanya."

"Hapana."

Watu wakaguna. Mmoja akasema mwanamke huyu ana roho ngumu. Acha waseme. Chini ya viganja vyake Celina alihisi lile joto halisukumi tena kama mwanzo.

"Inapungua, eh?" Benedict aliuliza, kwa sauti ya mtu anayesinzia.

"Inapungua," alimjibu, na ilikuwa kweli. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo, kwamba ilikuwa kweli.

Ndipo mama mkwe akashuka, ngazi moja moja, akishika ukuta. Watu wakampisha.

"Fungua nione."

"Mama, Wafa amesema nisifungue."

"Mimi ndiye niliyemzaa, Celina. Fungua nimwone mwanangu."

Hakufoka. Angefoka, pengine Celina angepata nguvu ya kukataa. Aliomba, mkono wake umeshika bega la mkwewe. Celina alimtazama Benedict amsaidie, lakini Benedict alikuwa amefumba macho. Akainua khanga. Hata mpaka tatu usingefika kuhesabu.

Damu ilirudi, na safari hii haikusikia viganja wala khanga, wala mtandio ambao Wafa aliuvua kichwani mwake aliporudi na bajaji. Wafa aliiona khanga ilivyokaa, akajua imefunguliwa. Benedict alikata roho kabla hawajafika hospitali, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama yake.

Walimzika Kibosho. Baada ya msiba mama mkwe alikataa kubaki nyumbani, akasema hawezi kumwacha Celina peke yake na nguo za Benedict. Wakarudi Dar wote watatu. Celina alijiapiza kwamba neno la khanga ile halitamtoka. Mama wa miaka sabini na minne, amemzika mwanawe wa pekee, leo umwambie nini? Mikono iliyofungua ilikuwa yake yeye Celina, basi na mzigo ataubeba yeye.

Alasiri moja Wafa alipanda kuwajulia hali. Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani na sinia la mchele, anachambua. Evelyn, mtoto wa miaka kumi na mmoja, akamwomba Wafa amfundishe kuzuia damu. Angemkataliaje? Wafa akachukua taulo, akajifunga nalo mkononi.

"Unabana. Unauinua mkono. Na hufungui."

"Ukifungua je?"

Wafa akamtupia jicho Celina. "Hufungui," akarudia, taratibu.

Vidole vya mama mkwe vikasimama juu ya mchele.

Alingoja mpaka mgeni alipoondoka na Evelyn akatumwa dukani.

"Celina. Siku ile ningekaa huku juu, nisishuke, angepona?"

Celina aliendelea kukunja taulo. "Nilipokufungulia, mama, damu ilikuwa imeshamwisha. Isingebadilisha kitu."

"Kweli?"

"Kweli, mama."

Yule mama alikuwa ameuza maharage sokoni miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kumuuzia uongo. Alimtazama mkwewe usoni. Machozi yakamjaa, akayaacha yashuke.

"Sawa," akasema. "Na kesho nikikuuliza tena, unijibu hivyo hivyo."

"Nitakujibu hivyo hivyo, mama."

Asubuhi yake, kabla Celina hajamaliza kumwamkia, mama mkwe aliuliza tena.