Tumbo la Panya Lililolegea

Mimi Verdiane sijui kunyamaza, Kirolirwe yote inajua. Lakini juma lile nilinyamaza mpaka nikakosa hamu ya chakula. Acheni niseme, maana mpaka leo kichwa kinazunguka.

Ninaosha vyombo kwenye labo, ile maabara ya shule ya afya, hapa kwetu Masisi. Kulikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, Aurélie, mutoto wa Kirolirwe kama mimi. Kazi yake ilikuwa tumbo la panya. Si panya muzima, hapana! Alikata kipande cha tumbo, kidogo kama kidole, akakitundika kwa uzi ndani ya gilasi ya maji ya chumvi ya vuguvugu. Uzi ulivuta kalamu, kalamu ikachora kwenye karatasi. Na nyama ile ya mufu inajivuta, inajiachilia, yenyewe! Siku ya kwanza nilifanya ishara ya musalaba.

"Usiogope, Mama Verdiane," akacheka. "Musuli wa tumbo haujajua bado kama panya amekufa."

Kisha akatia tone la dawa. Si dawa hasa. Alisema ni kitu ambacho mishipa ya fahamu inatengeneza yenyewe, inaitwa neuropeptidi, inaambia tumbo la kufanya. Kichupa kilikuwa kimoja tu, kimetoka mbali ndani ya barafu. Vitabu vyote vilisema: tone likiingia, nyama inakaza. Aurélie asipoonyesha kitu, diplome hakuna. Na baba yake, Papa Nshimiyimana, alishasema hatalipa mwaka mwingine.

Tone likaingia. Nyama ikalegea. Panya wa pili, ikalegea. Siku tatu, panya sita, inalegea tu! Mwalimu wake, Sylvain, kwanza alimugombeza, kisha akaanza kuruka kwa furaha: "Ni kitu kipya! Panya wa milima yetu iko tofauti!" Shule nzima ikamupongeza. Na mimi, mujinga mimi, nikapiga vigelegele bila kuelewa hata kidogo.

Kesho yake nilikuwa nyuma ya labo na vyombo vyangu. Dirishani nikamusikia Sylvain akifundisha wanafunzi wapya: "Hata sabuni kidogo ikibaki ndani ya gilasi, nyama inachanganyikiwa." Weee! Nikaangalia mikono yangu. Maana gilasi nilikuwa nimeishika juu ya majani yanayotoa moshi.

Kwetu, chombo cha maziwa kinaoshwa, kisha kinafukizwa moshi, maziwa yasiharibike na yanukie vizuri. Kumutilia mugeni maziwa ndani ya chombo kisichofukizwa ni haya kubwa. Mimi nilifikiri: gilasi hizi zinabeba kitu cha bei kali kuliko maziwa, nitaziacha hivihivi tu? Nilizifukiza kila asubuhi, kwa moyo mweupe. Kumbe ni moshi wangu uliolegeza nyama!

Nikamwita Aurélie pembeni, nikamwambia yote, nikingoja anipigie makelele. Akaangalia chini.

"Ile harufu niliisikia tangu siku ya kwanza, Mama. Nimekulia maziwa ile."

"Na ukanyamaza?"

"Nilifikiri si kitu. Kisha wote wakaanza kufurahi. Na kichupa kimeisha, siwezi kuanza upya. Nakuomba, unyamaze na wewe. Wakijua, wewe wanakufukuza, mimi ninarudi kulima."

Nilimuonea huruma. Nilimukasirikia pia, sana. Vyote pamoja, na sikujua kipi nikishike.

Siku ya kutetea kazi yake, Papa Nshimiyimana alikaa mbele na koti lake la misa. Mimi nilisimama mulangoni na sinia ya soda. Daktari Astrid, mugeni kutoka Goma, akauliza, "Gilasi zilioshwa na nani?"

"Mimi mwenyewe, Daktari," Aurélie akajibu.

Uongo! Alinikinga mimi ao alijikinga? Sijui. Daktari akaandika, akasema: "Vizuri. Basi kazi hii tutaituma kwa watafiti wengine, waendelee kuanzia hapa."

Wengine! Wataua panya wangapi wakitafuta moshi wangu? Nikaweka sinia chini.

"Hapana, Daktari. Niliziosha mimi. Na nikazifukiza, kama za maziwa."

Hakuna aliyecheka. Sylvain alikaa polepole. Papa Nshimiyimana alinigeukia kama muntu aliyechomewa nyumba. Aurélie akatoka mbele, akanijia, nikafumba macho nikingoja kofi. Akanikumbatia kwa nguvu, akalia begani mwangu.

Diplome hakuipata. Kazi, mimi waliniachia. Hiyo njo ajabu nyingine. Sasa nikipita kwenye shamba lao, Papa Nshimiyimana anageuza uso. Aurélie anaacha jembe, anakuja mpaka njiani, ananisalimia kwa mikono miwili, kila mara. Na kila mara ninatamani anitukane.