Mwali Aliyepaza Redio

Muzdalifa alipouona wekundu kwenye kanga yake hakulia. Alifurahi, tena alifurahi sana. Kijijini kwao, upande wa Ruaruke, msichana akivunja ungo huwa mwali, na mwali si mtu mdogo. Hateki maji, hafukuzi ndege shambani, hatumwi dukani jua likiwa kali. Huwekwa ndani akapakwa liwa, akaletewa vilivyopikwa vikanukia, na siku ya kutolewa hubebwa mabegani huku ngoma ikirindima. Hata mashangazi ambao siku za kuvuna huumwa migongo, siku hiyo hupona wote kwa pamoja wakaja kula wali.

Bibi yake, Mwanamina, ndiye aliyeikuta kanga kwenye beseni la nguo chafu. Akapiga kigelegele kirefu hadi majirani wa ng'ambo ya mashamba wakajua kuna jambo. Muzdalifa alikuwa na miaka kumi na tatu, umri wenyewe ndio huo, na damu imeonekana. Mambo yakaanza kwenda mbio. Katika vishindo vyote hivyo, hakuna aliyemuuliza mtoto damu hiyo imetokaje.

Jioni ileile akachaguliwa somo wa kumfunda. Naye alikuwa nani kama si Bi Sikujua, mwanamke mfupi mwenye mdomo mrefu, aliyewafunda nusu ya wanawake wa kitongoji kile! Jina lake watu walilifanyia utani, kwa kuwa hakuna jambo ambalo Bi Sikujua aliwahi kukiri kwamba halijui. Lakini utani huo ulifanywa akiwa mbali.

Masharti ya ndani yalikuwa mengi, na kubwa lao lilikuwa moja: mwali hapazi sauti. Husema kwa kunong'ona, tena na somo wake tu. Akitaka maji hugonga ukuta. Hata baba yake hamwoni. Muzdalifa, ambaye shuleni alikuwa hodari wa kupiga kelele kuliko darasa zima, alikaa kwenye mkeka akajiona amemezwa na chumba. Bibi akamwonea huruma, akamletea redio yake ndogo ya sola, akaiweka karibu na dirisha ambako mawimbi yanakamata vizuri.

"Usikilize kaswida," bibi alimwambia. "Na upunguze sauti."

Kaswida alizisikiliza, ila na mengine aliyasikiliza. Kwa Muzdalifa redio haikuwa mgeni. Ndiyo iliyomfundisha kunawa kwa sabuni hadi akawachosha wadogo zake. Na redio hiyohiyo, tusiifanye malaika, ndiyo iliyomtia wazimu wa kutamani krimu ya kung'arisha uso, akamsumbua mama yake mwezi mzima. Ikisema jambo, yeye huliamini. Lakini ilikuwa bado haijawahi kusema na yeye.

Mchana mmoja kikaanza kipindi cha vijana kutoka Kibiti, kile anachokiongoza nesi mmoja mcheshi aitwaye Mwajabu.

"Mambo vipi, mabinti zangu na mabrazameni," akasema. "Leo nina meseji ya binti wa Mohoro. Anasema hivi: nesi, mimi nikikojoa, mwanzoni mkojo ni wa kawaida, mwisho wake inatoka damu na inachoma. Nyumbani wanasema nimevunja ungo. Je, nimeshakuwa mkubwa?"

Muzdalifa akaacha kutafuna muhogo.

"Binti yangu," nesi akajibu, na sauti yake ikapoa, utani wote ukamtoka. "Damu ya hedhi ina njia yake. Haisubiri mkojo. Inakuja umekaa, umelala, umesimama. Hiyo inayokuja mwisho wa mkojo, inayochoma, si ungo umevunjika. Hicho ni kichocho. Kinatoka kwenye maji yaliyotuama, mabwawa na majaruba ya mpunga, wanamoishi konokono. Mdudu wake ni mdogo, humwoni, anapenya kwenye ngozi ukiwa umesimama tu majini. Ukikiacha kinakula kibofu, na wewe msichana kinakuharibia kizazi. Lakini dawa yake ipo."

Muzdalifa aliigeuza ile redio akaitazama nyuma, kwenye mlango wa betri, kama kwamba kuna mtu kajibanza humo. Yule mwanamke yuko Kibiti. Hajawahi kufika kwao, hajui njia, hamjui yeye wala bibi yake. Amejuaje ya chooni, nyuma ya ua wa makuti, ambayo hata mama mzazi hayajui?

Alipobanwa na mkojo, akatolewa uani amefunikwa gubigubi. Safari hii alitazama. Mkojo ulianza mweupe. Ukaendelea mweupe. Mwisho kabisa, pale panapochoma, yakadondoka matone mekundu. Ikawa vilevile kama ilivyosemwa, neno kwa neno. Muzdalifa alichuchumaa pale akashindwa kuinuka, si kwa maumivu bali kwa mshangao. Miaka yote alikuwa ameubeba mwili huu bila kuujua, na mtu asiyemjua ameusoma kutoka mbali.

Alirudi mkekani na furaha imeingia mchanga. Kama si ungo, basi yeye si mwali. Na kama si mwali, hakuna ngoma, hakuna kubebwa, kesho arudi kufukuza ndege, na wenzake shuleni wamwite mwali wa mkojo. Hilo jina alilisikia kabisa likitamkwa kwa kinywa cha Mwanajuma, rafiki yake asiyejua kuhifadhi jambo. Akajiambia anyamaze. Akanyamaza kweli, siku ile na iliyofuata. Lakini kila alipokwenda uani matone yalikuwa yanamngoja, na ile kauli ya kuharibiwa kizazi ikawa haimtoki kichwani.

Mwishowe akamnong'oneza somo wake. Bi Sikujua alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kwa pua.

"Redio ndiyo iliyokufunda? Mimi nimewatoa wali kabla huyo nesi wako hajazaliwa. Damu ya mwanamke naijua. Mwali hana masikio ya nje, umenisikia?"

"Nimesikia, somo."

Akaichukua redio akaiweka juu ya kabati, akaizima. Nje huko maandalizi yalikuwa yamepamba moto. Mchele ulishakobolewa, mpiga ngoma alishaambiwa, na siku ya kutolewa ilikuwa inakaribia.

Muzdalifa alijua kwamba kipindi kile hurudiwa Jumamosi asubuhi. Jumamosi ilipofika, wanawake walijaa uani wakipepeta mchele wa shughuli, kila mmoja na ungo wake, na vicheko vilikuwa vingi. Mama yake, Sihaba, alikuwa kati yao. Sihaba alikuwa mtu wa maneno machache, hata katika furaha ya mwanawe alikuwa akitabasamu nusu tu.

Ndani, mwali alisimama juu ya ndoo akaifikia redio. Hofu aliyokuwa nayo haikuwa ndogo, kwani alichotaka kukifanya hakuna mwali aliyewahi kukifanya. Lakini aliyapima masharti aliyopewa, akayapitia moja moja. Mwali haruhusiwi kupaza sauti yake. Ya redio hakuna aliyeikataza.

Akaielekeza dirishani, akakizungusha kile kitufe hadi mwisho.

"... Mambo vipi, mabinti zangu na mabrazameni!"

Wanawake walishtuka. Mmoja alimwaga mchele. Sauti ya nesi ikajaa ua mzima, ikapita juu ya vichwa vyao hadi barabarani, ikasema ya binti wa Mohoro, ikasema ya damu inayongoja mwisho wa mkojo. Nyungo zikatulia mikononi. Bi Sikujua alisimama akakaza kanga kiunoni.

"Huyu mtoto ana wazimu! Ngoja nikamzime yeye na redio yake!"

"Muache," bibi Mwanamina akasema.

"Bi Mwanamina, anatuaibisha mbele ya watu."

"Nimesema muache. Muache huyo nesi amalize."

Akamaliza. Ukaanza muziki, na Muzdalifa akaupunguza mwenyewe. Bibi alisogea hadi chini ya dirisha. Uso wake haukuonekana kwa ndani, sauti tu ndiyo iliyoingia, na haikuwa sauti yake ya siku zote.

"Mjukuu wangu. Damu yako ilitokea wapi?"

Lilikuwa swali dogo, na ndiyo kwanza linaulizwa. Muzdalifa alisahau masharti yote.

"Kwenye mkojo, bibi!" alijibu kwa sauti yake ya shuleni. "Mwisho wake! Na inachoma!"

Hakuna aliyecheka. Wanawake walimgeukia Bi Sikujua, naye akatazama ungo wake, kisha akasema taratibu, "Mimi sikumuuliza."

Aliyeinuka alikuwa Sihaba. Alijikung'uta pumba kwenye nguo akasema, bila kumtazama mtu, "Jumatatu tunakwenda Kibiti." Wote walishangaa, maana Sihaba hakuwa mtu wa kukata shauri mbele ya mama yake, bibi Mwanamina.

Walikwenda na bibi kwa bodaboda mbili. Bi Sikujua naye alilazimisha kwenda, akisema mwali ni wake hadi hapo itakapojulikana vinginevyo, na kwa sababu hiyo Muzdalifa alisafiri amefunikwa kanga kutoka utosini. Kibiti yote aliiona kupitia maua ya kitambaa. Katika kituo cha afya walimkuta mtaalamu wa maabara, kijana mpole aitwaye Abdulatifu, ambaye aliwasikiliza bila kucheka, kisha akatoa kichupa.

"Mmefika saa nzuri, mchana ndiyo mayai ya kichocho yanatoka kwa wingi kwenye mkojo. Ila kwanza akimbie kidogo hapo nje, arukeruke, ndiyo yashuke."

"Mwali hakimbii!" Bi Sikujua akaruka yeye.

"Basi akae, mama. Na mayai nayo yatakaa."

Muzdalifa hakungoja waamue. Alitoka akaanza kuuzunguka uwanja wa kituo, kanga ikipepea, wagonjwa kwenye mabenchi wakishangaa nguo inayokimbia yenyewe. Ilikuwa raha iliyoje! Miguu ilikuwa imeganda kwa kukaa ndani, sasa ikajikumbuka. Alirudi anahema akaingia chooni na kichupa chake.

Baada ya kitambo Abdulatifu aliwaita. Alikuwa ameinama kwenye hadubini, kifaa cheusi chenye jicho la kioo.

"Njoo, mdogo wangu. Yai hili ni la kwako, uwe wa kwanza kuliona."

Muzdalifa aliweka jicho. Kwanza aliona kope zake mwenyewe. Halafu mwangaza ukakaa sawa, na katikati yake palikuwa na kitu kirefu cha mviringo, kisafi, kinang'aa, na kwenye ncha yake kimwiba. Ndani yake kuna kitu kilichokuwa kikitikisika. Kinaishi. Alisahau kwamba ni ugonjwa, alisahau kwamba ni wake. Aliona uzuri wa ajabu, kisha akaona kwamba hicho kimwiba ndicho kinachomkata, na machozi yakamlenga. Mambo makubwa kiasi hiki yalikuwa yakitendeka ndani yake wakati yeye anafukuza ndege!

"Kumbe ni kweli," akasema. "Yote aliyosema ni kweli."

Bibi akatazama, akasema Subhanallah. Bi Sikujua alitazama kwa muda mrefu kuliko wote. Alipoinua kichwa alimfunua Muzdalifa ile kanga, akaikunja vizuri.

"Ngoma yako ipo, mwanangu. Itangoja siku yake. Na mimi siku hiyo nitauliza kwanza."

Wakampima kimo ili wajue kiasi cha dawa, wakampa vidonge vyake vikubwa akavimeza vyote palepale, akaambiwa aache kuoga na kucheza kwenye mabwawa ya mashambani, na aletwe tena apimwe. Shughuli ilikuwa imekwisha. Lakini bibi Mwanamina hakuwa ameondoka mezani. Alikuwa bado anaitazama ile hadubini.

"Mwanangu," alimwambia Abdulatifu, "hii inaona za zamani?"

"Za zamani zipi, bibi?"

"Za huyu." Akamwonyesha Sihaba.

Kijana alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Hii inaona ya leo tu, bibi."

Muzdalifa alimgeukia mama yake, akaona ile nusu ya tabasamu haipo tena.

"Mama," Sihaba alisema, "na mimi ilikuwa mwisho wa mkojo. Nilikuwa mdogo kuliko huyu. Ukaniweka ndani, ukanitoa, shule ikaishia hapo, ukaniozesha. Ile yenyewe niliiona niko kwa mume tayari. Nikadhani nimeumia. Sikuwa na wa kumwambia."

Kwa Muzdalifa, siku zote mama yake alikuwa mama tu. Sasa alimwona binti amefunikwa kanga, amekaa kwenye mkeka, ndani ya chumba kisicho na redio. Akamshika mkono, na mkono wa mama yake ulikuwa wa baridi.

Sihaba alimgeukia mtaalamu. "Nami nipe kichupa."

Hakungoja kuambiwa. Alijifunga kanga kiunoni akatoka juani, akaanza kuuzunguka uwanja, mwanzoni kwa aibu, halafu kwa nguvu, Muzdalifa pembeni yake. Bi Sikujua alimsogezea bibi kiti, lakini bibi hakukaa. Alisimama mlangoni ameshika mwimo, akimtazama binti yake akikimbia.

"Alikuwa mtoto," akasema. "Sikujua, huyu alikuwa mtoto."