Mfupa wa Kuazima

Fundi cherehani alivunjika mkono wa kulia, mfupa ukagoma kuunga. Daktari akatoa kipande cha mfupa mwembamba wa mguuni, akakipandikiza mkononi. Mkono ukapona, tena ukapona kisawasawa. Kilichomchanganya fundi ni hiki: aliyeugua ni mkono, mbona anayechechemea ni mguu?

Kifundo cha mguu kilimvimba kila jioni. Akikanyaga pedali ya cherehani mguu ulipinda, mshono nao ukaenda kombo. Mteja mmoja alirudisha suruali, akauliza kama imeshonwa na mlevi. Mkewe akamsihi arudi hospitali.

"Tulia, mama watoto," fundi alimjibu. "Wakirudisha, mguu utakaa sawa."

"Wakirudisha nini?"

"Si mfupa wangu?"

Mkewe alimtazama, asijue acheke au alie. Akamkokota hospitali siku hiyo hiyo.

Daktari alikibonyeza kifundo, akatazama picha ya eksirei, akaguna. "Umeumwa muda gani?"

"Mwaka wa pili huu. Nilikuwa nasubiri mniite."

"Tukuite kwa lipi?"

"Si mlisema mnaazima mfupa mguuni? Mkono umeshapona. Na mimi si mtu wa kudaidai watu."

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kuhusu mfupa hawakutuachia neno. Daktari akavua miwani. Neno "kuazima" lilikuwa lake mwenyewe, alilichagua ili mgonjwa asiogope. Akaeleza kwamba mfupa ule umeshashikana na mkono, haurudi. Kifundo kilikosa nguzo ya kando, kikalegea, kikasagika. Fundi angewahi, wangekifunga na kukifanyisha mazoezi. Sasa dawa ni kukigandisha kwa upasuaji, mifupa yake ishikane: maumivu yataisha, lakini hakitakunjika.

Fundi akamtazama mkewe, akaitazama picha, akarudi kwa daktari. Kosa ni la nani, la aliyesema kuazima au la aliyeamini? Hasira ilimpanda, asijue amshushie nani.

"Na cherehani?" aliuliza.

"Mguu huu hautakanyaga pedali tena, fundi."

"Hiyo 'tena' ni ya kabisa, daktari, au nayo ni ya kunituliza?"

Daktari akaiweka picha mezani. "Ni ya kabisa. Nisamehe."

Hapo ndipo fundi alipoelewa, akalia.