Doa Juu ya Boneti

Huseni aliinama juu ya boneti ya gari letu, akawasha tochi ndogo, akamwita mume wangu kwa sauti ya daktari anayetaka kumwonyesha mtu picha ya mapafu yake.

"Njoo uone, bosi. Simama huku, usizibe mwanga."

Gatimu alisogea. Mimi nilibaki kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa karakana, tumbo limenitangulia, miguu imevimba, nikinusa sabuni na polishi. Nje, mtaa wa Majengo, mjini Nyeri, ulikuwa na pilikapilika zake za asubuhi. Sikutaka kusogea kwa sababu nilijua Huseni ameona nini.

"Unaona hii mikwaruzo ya duara?" Huseni alisema. "Kuna kitu kilidondoka hapa, halafu mtu akakisugua na kitambaa juu ya vumbi. Ukiacha hivi, jua la huku kwetu litamaliza rangi. Na wewe unakaa Endarasha, si ndio? Kuna mvua ya mawe. Kuna barabara za kokoto, maramu tupu. Kuna miiba ya ua wa kaiyaba kila kona. Hii gari inaishi na maadui, bosi."

Huyo Huseni angemuuzia chura mwavuli. Lakini hakuwa na haja ya kujisumbua sana, maana mume wangu aliingia pale akiwa ameshauzwa. Gatimu ni mtu wa kuogopa. Anaogopa baridi ikipiga viazi, anaogopa simu ikilia alfajiri, anaogopa mbwa wake mwenyewe. Sasa alikuwa amesikia kwamba iko dawa inayopakwa juu ya rangi ya gari, wanaiita seramiki, ikikauka inakuwa ngumu kama kioo na hakuna kitu kinachoishika. Tulikuwa tumeuza ndama, na pesa zilikuwa kwenye mfuko wa shati lake. Kila baada ya muda aliupapasa mfuko huo.

"Itakaa hapa muda gani?" niliuliza.

Huseni aligeuka. Nadhani ndipo alipoliona tumbo langu sawasawa. "Siku kadhaa, mama. Kwanza tunapiga polishi mpaka hiyo doa iishe kabisa, ndio tupake. Halafu ikienda nyumbani, ikae wiki moja bila kuguswa na maji. Hata umande. Ikinyeshewa kabla haijashika, maji yatachora alama na hautazitoa tena."

"Wiki moja bila mvua," nilisema. "Mwezi wa nne."

"Si tutaifunika," Gatimu alisema haraka. "Itakaa kwa stoo ya viazi. Hatutaitoa."

Hatutaitoa. Kliniki walikuwa wameniambia mwisho wa mwezi, lakini mtoto hana habari na tarehe za kliniki. Anaweza kuja kesho. Na kesho gari lingekuwa hapa Majengo, limevuliwa kila kitu, au lingekuwa stoo limefunikwa turubai kama maiti, nami niko sakafuni nikisubiri.

Mwaka jana nilisubiri. Uchungu uliponishika hatukuwa na gari, kwa hivyo Gatimu alimpigia Waweru, mwenye Probox ya kukodisha pale senta. Waweru akasema yuko njiani. Kila alipopigiwa, yuko njiani. Mvua ilikuwa inanyesha, nami nimelala juu ya godoro chini, mama mkwe wangu Ngendo amenishika mkono, na Gatimu anaenda getini na kurudi, anaenda na kurudi. Mwishowe tulibebwa na pikapu ya kabeji. Mtoto alizaliwa kabla hatujafika Nyeri, na hakulia. Alikuwa msichana. Kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya mume, kwa hivyo jina tulilozika lilikuwa Ngendo, na Ngendo mwenyewe alisimama kando ya lile shimo dogo akiangalia. Tangu siku hiyo naogopa kimya. Kelele ya namna yoyote naivumilia, lakini nyumba ikinyamaza ghafla, mwili wote hunisisimka.

Ndiyo maana tukanunua gari. Halikununuliwa la kwenda harusini wala la kuringia majirani kanisani. Lilinunuliwa kwa safari moja tu, na kila mtu nyumbani aliijua, ingawa hakuna aliyeitaja.

Lilipofika, tuliliombea kama ilivyo desturi. Pasta alikuja, chai ikapikwa, watu wakalizunguka na kuweka mikono juu yake. Pasta alipomaliza, Ngendo alisogea mbele na fimbo yake. Kwetu mzee akikubariki hukutemea mate kidogo, kifuani au mikononi. Si matusi, anakugawia uhai wake. Ngendo hakuwa amemtemea mtu mate tangu tulipomzika yule mtoto. Akainama, akatema mate mara moja juu ya boneti, akasema, "Umlete mtu nyumbani."

Basi mume wangu akatoa kitambaa mfukoni, akafuta.

Hakufikiria. Aliona kitu kimedondoka kwenye rangi mpya, mkono ukaenda wenyewe. Alisugua na kusugua, na vumbi la uani likisagika chini ya kitambaa, mpaka alipoona watu wamenyamaza. Wengine walicheka ili kupoza mambo. Ngendo hakucheka. Alisema tu, "Umefuta," akarudi ndani, na chai yake ikapoa mezani.

Tangu siku hiyo doa likabaki, duara dogo lililofifia. Kila nilipopita karibu na gari nililiangalia hilo doa, na kila nilipoliangalia mtoto alionekana kwangu kama ametulia kupita kiasi. Nilikuwa nabonyeza tumbo mpaka apige teke. Sikumwambia Gatimu. Niliona hana mzigo wowote moyoni isipokuwa rangi ya gari lake, na kusema kweli nilikuwa nimeanza kumchukia.

"Na nikishikwa kesho?" nilimwuliza sasa, mbele ya Huseni, bila aibu.

"Nitakodi gari."

"Ya nani?"

Akaupapasa mfuko wa shati.

"Ya nani, Gatimu? Ile Probox? Ile iko njiani mpaka leo?"

"Watiri, usiongee hivyo hapa."

"Nitaongea wapi? Wewe unalinda hii bati na mimi sina mtu wa kunilinda. Naogopa! Unasikia? Naogopa, na wewe unaniletea mambo ya seramiki!"

Huseni alijifanya hakusikia. Watu wa kazi yake wanajua ndoa za wenye magari kuliko mapadri. Akafungua mlango wa abiria, akaanza kufanya wanachofanya kabla ya kazi, kutoa vitu vyote ndani: mazulia ya miguuni, mwavuli, Biblia, chaja ya simu. Akafungua kisanduku cha dashibodi, akatoa mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Ndani mlikuwa na tambara kavu, lina vumbi jekundu. Akanyoosha mkono kulitupa kwenye pipa.

"Hiyo usitupe!"

Sijawahi kumsikia mume wangu akipaza sauti hivyo. Alimnyang'anya Huseni ule mfuko, akaukumbatia kifuani kwa mikono miwili, akasimama hapo katikati ya karakana akihema.

Nililitambua lile tambara, ndicho kile kitambaa cha siku ya maombi. Nilisimama, ingawa kusimama kulikuwa kazi.

"Umeiweka?" niliuliza.

"Ningeifanyia nini?" Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Nikiiosha, nimeosha. Nikiitupa, nimetupa. Nilifikiria kumrudishia Maitu, mama yangu, lakini unarudishia mtu aje kitu kama hiyo? Watiri, mimi silali. Nikifunga macho naona tu mkono yangu ikifuta. Kila asubuhi nikitoka, ile doa iko hapo, inaniangalia. Nikasema afadhali itolewe kabisa, kupakwe kitu juu, nisiione tena. Ati labda nisipoiona, mtoto atakuwa sawa."

Kumbe. Miezi yote hiyo tulikuwa tunaogopa doa moja, kila mtu upande wake wa kitanda. Nililia pale pale, na sikuona haya. Gatimu alinishika bega kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa bado umeshika mfuko.

"Doa libaki," nilimwambia. "Na gari ibaki na sisi."

Aliligeukia lile doa kwenye boneti. Nilijua ninachomwomba. Nilikuwa namwomba aendelee kuliona kila asubuhi, akiwa anaogopa vilevile, bila dawa ya kupaka juu. Akapapasa mfuko wa shati, kisha akaushusha mkono.

"Rudisha vitu, Huseni," alisema. "Pole kwa kukupotezea wakati."

"Angalau nikuoshee basi, bosi."

"Osha. Lakini boneti usiiguse."

Tulirudi Endarasha na gari safi lenye uso mchafu. Usidhani hofu iliisha. Gatimu aliliegesha likiangalia getini, ufunguo ukaning'inia msumarini, nami nikaendelea kubonyeza tumbo.

Nilishikwa siku ya Jumamosi, nikimenya viazi vya mchana. Ngendo alikuwa Wamagana kwa dada yake mgonjwa, kwa hivyo nyumbani tulikuwa wawili tu. Maji yalitoka kabla sijamwita Gatimu, na uchungu ukaja kwa nguvu ambayo mara ya kwanza haukuja nayo. Alinibeba mpaka kiti cha nyuma. Kabla ya kuwasha injini alifungua kisanduku, akanipa lile tambara. Nikalikamata.

Hatujamaliza hata maili mbili, mbingu upande wa Nyandarua ikawa nyeusi, na mvua ya mawe ikatuangukia. Mawe yalipiga paa kwa kelele iliyoufunika hata ukelele wangu. Gatimu wa zamani angesimama chini ya mti. Huyu aliinama kwenye usukani, akaenda. Nilikuwa naona kisogo chake tu, na jasho likimtiririka ingawa kulikuwa na baridi.

Kisha akakanyaga breki. Lori la kabeji lilikuwa limeteleza, limelala mshazari barabarani. Upande mmoja palikuwa na mtaro. Upande wa pili palibaki upenyo mwembamba, kisha ua mrefu wa kaiyaba, miiba yake mirefu kama vidole. Dereva wa lori alikuja akikimbia, gunia kichwani.

"Mzee, hapa haupiti! Gari yako itachunwa yote. Ngoja trakta inakuja, iko njiani!"

Niliposikia neno hilo nilifikiri nakufa. Iko njiani. Kabeji, mvua, na mtu anayekuja ambaye hatakuja. Kila kitu kilikuwa kimerudi jinsi kilivyokuwa, kimekuja kumchukua na huyu. Nilijaribu kusema nisikie hata sauti yangu, haikutoka.

Gatimu aligeuka akaniangalia. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Hajawahi kuogopa hivyo maishani mwake, nami nilimwona anavyoogopa.

"Funga macho," alisema.

Akaingiza gari kwenye miiba. Mlio wake sitausahau, kucha elfu zikikwangua bati kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma. Kioo cha pembeni kilivunjika, kikaanguka. Matawi yalipiga dirisha lililo kando ya kichwa changu. Gari likakwama, likanguruma, na Gatimu akakanyaga tena, akisema jina la mama yake. Nilitia lile tambara mdomoni nikaliuma. Vumbi lake lilikuwa na ladha ya uani kwetu. Kisha miiba ikatuachilia, tukawa barabarani.

Hospitalini walinipokea kwa kitanda cha magurudumu. Sikumbuki mengi. Nakumbuka nesi aliyejaribu kunitoa tambara mdomoni, nikakataa. Nakumbuka msukumo wa mwisho, na mwili kuwa mwepesi ghafla.

Kisha kimya.

Mvua ilikuwa imeacha. Nesi alikuwa amenipa mgongo, viwiko vyake vikienda haraka. Nilitema tambara nikauliza, "Mbona halii?" Niliuliza tena kwa kelele, nikijaza kile chumba kwa sauti yangu mwenyewe, ili pasiwe na nafasi ya kimya kile. "Mbona halii? Mbona halii?"

Akalia. Kwanza kama paka, kisha kwa hasira ya mtu aliyeamshwa usingizini. Nje ya mlango nilisikia kitu kizito kikianguka, na baadaye nikaambiwa ni mume wangu, alikaa sakafuni kwa kishindo.

Alikuwa msichana.

Ngendo alikuja siku tuliyoruhusiwa. Alimchukua mtoto, jina lake mwenyewe, mikononi, akamtemea mate kidogo kifuani, akanirudishia. Tulitoka pamoja mpaka gari lilipoegeshwa. Alifika mbele, akainama juu ya boneti, akalitafuta lile doa kwa kidole. Akatema mate pale pale. Nilimtazama Gatimu. Alikuwa ametia mikono yote miwili mifukoni.

Kisha Ngendo alianza kulizunguka gari na fimbo yake. Aliona paa lililobonyezwa na mvua ya mawe. Aliona mahali palipokuwa na kioo. Aliona ubavu mzima umechanwa mpaka bati jeupe, milango miwili, mstari juu ya mstari. Akasimama, akamgeukia mwanawe, mtu anayemjua kuliko wote, aliyefuta baraka ili rangi isiharibike.

"Gatimu, hii gari imefanya nini?"

Gatimu alimfungulia mlango.

"Imefika, Maitu."