Mkono Chini ya Shali

Barua ya bima ilikuwa ya ukurasa mmoja tu, na Warfa alikuwa amewapa watu watatu tofauti wamsomee, akitumaini kwamba mmoja wao ataisoma vibaya. Wote waliisoma sawasawa. Dai la ulemavu limekataliwa. Mdai ni dalali wa mifugo, kazi ya dalali ni maongezi, na ulimi wa mdai hauna kasoro. Akiwa na pingamizi, alete maelezo na shahidi ndani ya siku thelathini.

Siku ishirini na sita zilikuwa zimekwisha.

Mkono wenyewe, wa kulia, ulibanwa na mlango wa lori pale soko la mifugo la Isiolo, wakipakia ng'ombe. Vidole vyote vitano vipo, mtu akiviangalia hawezi kujua. Lakini havikunjiki, na ukivichoma sindano ni kama umechoma mto. Daktari alisema mishipa inaweza kuunganishwa Nairobi, ila kabla mwaka haujaisha. Baada ya hapo, basi, mkono utakauka kama kuni. Huu ulikuwa mwezi wa tisa tangu ajali. Pesa ya upasuaji ilikuwa ndiyo hiyo ya bima, hakuna nyingine. Ngamia wawili wa maziwa wa mkewe, Habsa, walishakwenda na hospitali ya kwanza.

Sasa, mtu wa ofisi atajuaje dalali wa ng'ombe anaongea na nini? Sokoni madalali wawili hushikana mikono ya kulia, wakaifunika kwa shali, na bei ikaenda huko ndani, kidole kwa kidole. Ukishika kimoja umesema jambo, ukifinya viwili umesema lingine, ukikwaruza kiganja umekataa. Kwa nje midomo inaulizana kama mvua imenyesha Kinna. Mkono wa kushoto hauingii humo. Huo ni wa chooni, ukimpa mwenzako ni kama umemtemea mate. Warfa alifanya kazi hiyo miaka ishirini na nane. Siku aliyorudi na mkono uliokufa, dalali mwenzake alimfinya, akamfinya tena, kisha akautoa mkono wake polepole kama mtu aliyegusa maiti.

Alimwendea Abdighani, mwenyekiti wa madalali, mtu aliyeanza naye kazi.

"Salaam aleikum, walaal, ndugu yangu."

"Aleikum salaam. Mkono vipi?"

"Uko kama jana. Niandikie barua. Sema tu kwamba bei yetu inatajwa na mkono."

Abdighani akamvuta nyuma ya zizi la mbuzi. "Na wakiuliza kwa nini haitajwi na mdomo?"

"Sema ni desturi."

"Desturi! Warfa, wewe umekuwa mtoto? Barua ni kitu inatembea. Leo iko kwa bima, kesho mwenye ng'ombe anasomewa na kijana yake kwa simu. Unataka kuzama na soko mzima?" Akamshika bega. "Dua nitakuombea. Barua, hapana."

Dua Warfa alikuwa nazo za kutosha.

Akabaki na Hirbo. Huyu ni mfugaji Mborana wa upande wa Kinna, na kila akileta ng'ombe humkabidhi Warfa amuuzie, halafu wanakunywa chai pamoja. Alipopigiwa simu hakutaka hata kuelezwa mara mbili.

"Kwani hiyo ni kitu ya kubembelezana? Miaka yote nimesimama hapo nikiangalia hiyo shali yenu. Nakuja."

Siku ya ishirini na tisa walipanda ngazi za ofisi ya bima, juu ya karakana ya vyuma. Waliketi mbele ya Kinanu, msichana wa Kimeru aliyeshughulikia madai, mpole wa sauti.

"Karibuni, wazee. Shahidi ni huyu?"

"Ni mimi," Hirbo akasema. "Kusoma sijui, lakini ukweli naijua, na gumba ya kuweka iko."

Kinanu akacheka. Hirbo akaeleza yote aliyoyaona: mikono, shali, vile bei hutoka ikiwa imeiva. Kinanu aliandika mpaka katikati ya ukurasa, akasita.

"Hapa ndipo wataniuliza, mzee Warfa. Soko ya nyanya bei inasemwa na mdomo. Wewe ulimi uko nao. Kwa nini usiutumie?"

"Ni desturi yetu."

"Desturi watasema inaweza kubadilishwa. Nipe sababu. Ukisema na mdomo, ni nini inaharibika?"

Uongo mwingi ulimjia Warfa, lakini kila mmoja ulikuwa na tundu. Aliuangalia mkono wake pale gotini, umelala kama kitu cha mtu mwingine. Ilibaki miezi mitatu. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

"Mwenye ng'ombe atasikia," akasema.

"Asikie nini?"

"Bei. Ile ya chini ya shali na ile tunamwambia si moja. Ya katikati tunagawana sisi madalali. Kamisheni peke yake haiwezi kulisha nyumba."

Kalamu ya Kinanu ilisimama. Hirbo hakutikisika. Lile tabasamu aliloingia nalo lilikuwa bado usoni, limesahauliwa hapo.

Kinanu akafungua faili, akarudi nyuma hadi fomu ya kwanza. "Mzee, ulipochukua bima uliandika mapato yako ni kamisheni tu. Nikiandika hii, Nairobi wanaweza kusema uliwaficha tangu mwanzo, wafute bima yote. Nisipoandika, ile barua inabaki vile iko. Kesho ndiyo mwisho. Niandike?"

Huko chini fundi alikuwa akikata chuma.

"Fahali yangu nyekundu," Hirbo akasema, akiangalia meza. "Ile ya mwaka wa kiangazi, binti yangu Isnino akiwa hospitali. Ulinipa elfu hamsini na tano. Shali ilisema ngapi?"

Mkono wa Warfa ukainuka wenyewe kutoka gotini, kwa mazoea, ukabaki hewani na vidole vyake vilivyonyooka. Haukusema kitu. Akaushusha.

"Sabini na mbili," akasema kwa mdomo.

"Isnino tulimtoa siku ya tatu, hajapona, kwa sababu pesa iliisha. Ulikuja kumwona. Ulileta sukari."

"Nilileta."

Hirbo akamgeukia Kinanu. "Andika, dada. Andika yote, na hiyo ya fahali. Nilisema nitasema ukweli. Huo mkono ulikuwa unafanya kazi, naweza kuapa." Akabonyeza gumba kwenye wino, akalibandika pale alipoonyeshwa, akaondoka bila kuaga.

"Hirbo! Ngoja, ndugu yangu."

Viatu vilishuka ngazi, havikupunguza mwendo, vikashika njia ya sokoni.

Kinanu alimaliza kuandika, akamgeuzia Warfa karatasi. Alitia sahihi kwa mkono wa kushoto, kombokombo, kama mtoto wa chekechea.

"Watalipa?"

"Sijui, mzee. Siwezi kukudanganya."

"Jibu litachukua muda gani?"

"Miezi miwili wakiharakisha. Saa zingine minne."

Alikaa akingoja nakala yake itoke kwenye mashine. Haikuwa imetoka simu ilipoanza kulia katika mfuko wa kulia. Ilibidi ajipinde, aingize mkono wa kushoto kwa shida ndipo aitoe. Alikuwa Abdighani, kutoka sokoni. Warfa aliiweka juu ya meza, akaitazama ikilia hadi ikanyamaza, ikaanza tena.