Futi Ianzie Kwenye Ncha

Hajazaliwa wa kunidanganya mimi. Juzi tu nimeuziwa jogoo nikiambiwa ni tetea, namsubiri atage mpaka leo, lakini hayo tuyaache.

Mjukuu wangu ni fundi cherehani, na damu yake haigandi kama yetu. Akijikata kidole tunaona, tunafunga. Balaa ni ile inayovujia ndani ya kiungo, bila jeraha wala tone sakafuni. Daktari alinieleza taratibu, maana mimi nimeishia darasa la nne: damu ikiingia kwenye kiungo, utando wa ndani unavimba, na ukishavimba unavuja kirahisi zaidi. Kila ikirudi inakula gegedu, ule mto ulio kati ya mifupa, mpaka mfupa unasagana na mfupa. Kiwiko chake cha kulia kimeshakwenda hivyo, hakinyooki tena. Akikupa mkono utadhani anakunyima.

Basi mchana mmoja nilikuwa mlangoni nachambua mchele, yeye ndani anashona gauni la bibi harusi. Nikasikia cherehani inachechemea. Inakwenda, inakata, inakwenda tena kinyonge. Nikachungulia. Mguu wa kulia peke yake ndio unakanyaga. Wa kushoto kaunyoosha pembeni kama si wake.

"Mume wangu, goti limeanza?"

"Halina kitu, Bibi. Limechoka tu."

"Linatekenya kwa ndani?"

Akajifanya anatunga uzi kwenye sindano. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kiungo hutekenya kwanza, maumivu yanakuja nyuma.

"Gauni linachukuliwa jioni hii. Nikienda kuchomwa sindano ya kugandisha damu, bibi harusi atavaa nini, pazia?"

"Avae shuka! Goti likikakamaa kama kiwiko, cherehani utaikanyaga kwa pua?"

"Bibi nawe! Haya, tupime."

"Tupime. Yakilingana, shona. La kushoto likizidi, tunakwenda hospitali sasa hivi, na gauni libaki na mkono mmoja."

Akavuta futi shingoni. Akazungusha goti la kulia.

"Inchi kumi na saba."

Akazungusha la kushoto polepole, meno kayauma.

"Kumi na saba. Umeridhika?"

Niligeuka nirudi kwenye mchele wangu. Halafu nikaliangalia tena lile goti la kulia, jembamba kama la korongo, nikajiuliza limenenepa lini.

"Rudia la kulia. Na safari hii toa kidole gumba kwenye ncha ya futi. Uliianzia kwenye mbili."

Akacheka kicheko kikavu. "Bibi, muda unakwenda."

"Na damu inakwenda."

Nikamnyang'anya futi. Nikazungusha mwenyewe goti la kulia, kuanzia kwenye ncha kabisa.

"Soma."

"Bibi..."

"Soma, fundi."

Akainamisha kichwa kwenye gauni.

"Kumi na tano."