Toba ya Ulanzi

Dada yangu Bertha hajawahi kuonja ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Lakini macho yake yalipogeuka njano na tumbo likajaa maji, wazee wa usharika wetu hapa Iringa walimtenga na Meza ya Bwana hadi atubu mbele ya watu. Ini haliharibiki bila pombe, walisema.

Niliwapelekea maneno ya daktari wa Mbeya: mirija ya nyongo imekuwa ikiziba kwa miaka, nyongo inabaki ndani na kulila ini. Ndiyo maana anajikuna hadi anatoka damu.

Mzee Kalinga akacheka. "Wewe Aroni, udaktari umesomea wapi?"

Mimi sisahau. Baba yake Kalinga alikufa kwa ulanzi, na siku ya kumzika kengele ya kanisa wakampigia.

Jumapili Bertha akasimama mbele ya kanisa, nimemshika mkono asianguke.

"Nilikunywa," akasema. "Nisameheni."

"Dada, mbona unajisingizia?" nikamnong'oneza.

"Nyamaza, mdogo wangu. Hawa utawafundisha wewe nikishakufa. Mimi naitaka ile meza leo."

Wakampa mkate. Alirudi kwenye benchi akijikuna mikono, na kanisa zima likampigia makofi.